Alama za Majivu

Hapo zamani, katika kijiji cha wanyama kilichokuwa bondeni, watoto waliharisha kila masika. Wazazi hawakukaa bure. Kuku alichemsha maji kila alfajiri. Sungura aliwanawisha wanawe kwa sabuni. Mbuzi alitafuta dawa huku na huko. Lakini kila mmoja alihangaika kivyake, na kifaranga akienda kucheza kwa Mbuzi, alikunywa maji ya mtungi wa huko.

Siku alipozikwa kifaranga wa pili, Kobe aliomba mfuko wa majivu akaanza kupita nyumba kwa nyumba. "Hodi! Mama Mbuzi, mtoto alianza kuharisha lini? Maji mnateka wapi?" Kila mgonjwa alimchorea mstari mmoja mlangoni.

Alipomaliza, baraza zima la kijiji likamfuata kuisoma milango. Waliochota maji chemchemini, milango yao mingi ilikuwa mitupu. Waliochota kwenye kisima cha mwembeni walikuwa na mistari miwili, wengine mitatu. Na juu ya kisima hicho, hatua kumi tu mlimani, palikuwa na choo cha Mzee Ngiri. Kila mvua iliponyesha, uchafu ulishukia kisimani.

Majirani walikuwa wanajua. Nani angemwambia mzee? Hapo ndipo panaponiuma: heshima ya mtu mzima ilikuwa imelindwa kuliko uhai wa watoto.

"Shikamoo, Mzee," Kobe alisema. "Choo chako kinatuulia watoto."

Ngiri alifura. Kisha akatazama mistari mlangoni pake mwenyewe, ilikuwa miwili. "Nguvu za kuchimba kingine sina," akasema.

"Kuchimba ni kwangu," akajibu Tembo.

Shimo jipya lilichimbwa upande wa chini wa kisima, zaidi ya mita 30 kutoka kisimani. Mchwa wakajenga kuta, Sungura akaleta ndoo ya koki na sabuni. Duma alitumwa zahanati kuchukua paketi za ORS na vidonge vya zinki, na Kuku akapita akiwakumbusha kina mama: zinki ni siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma, na mtoto asinyimwe ziwa. Paketi zikiisha, changanyeni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Kobe akajaza tena mfuko wake majivu, akavuka mto. Ng'ambo nako walikuwa wanazika.