Duka Lililosimama

Nilipofungua steshenari yangu Mbagala nilikuwa na mashine ya fotokopi ya mtumba, printa inayotafuna karatasi kama mbuzi, rimu nne, na kibao. Kibao ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Maneno nilimwandikia fundi mwenyewe kwenye kipande cha boksi, naye akayachora kwa bluu juu ya bati jeupe: UPENDO STATIONARY. Nikapiga picha, nikaweka status.

Wiki ya pili akaja mwalimu mmoja mstaafu kutoa kopi ya kitambulisho. Akasimama nje akikikodolea macho kibao, miwani imemshuka puani. Nikajua amekipenda.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu ndani."

"Marahaba. Vipi kijana, biashara imesimama?"

"Hapana, mwalimu! Ndiyo kwanza tunaanza."

"Mbona umeandika imesimama?"

Akanifundisha palepale, kopi yake ikiwa bado ya moto. Ukiweka A, umesema kitu kimetulia, hakisogei. Karatasi, kalamu na bahasha zinataka E. Akalipa shilingi mia mbili, akaenda zake.

Fundi nilipomwita, alikitazama kibao, kisha akanitazama mimi. "Hizo A na E zimegombana nini, bosi? Watu si wanaingia?" Kurekebisha, elfu tano. Nikamuuliza, kwa herufi moja? Akasema herufi ni bure, ninalipia ngazi.

Na kweli watu walikuwa wanaingia, wengi wao wakiwa na ugonjwa uleule. Dada mmoja alileta barua ya kuomba kazi niichape. Alitaka kusema yeye ni mtulivu, lakini "quiet" ilikuwa imegeuka "quite", kwa hiyo mwajiri angearifiwa kwamba huyu ni mtu kiasi. Kijana mwingine alimshukuru sana "principle" wa chuo chake, yaani kanuni, ambayo ilimsaidia hata kwa nauli. Mama mwenye mgahawa akaja na menyu: chini ya wali na pilau kulikuwa na "desert" yenye tikiti, nanasi na papai. S moja tu imepungua, matunda yote yakahamia jangwani. Nilimsahihisha kwa sauti ya mwalimu yule, miwani tu ndiyo sikuwa nayo.

Hayo ni ya kalamu. Ya ulimi ni mabaya zaidi. Kiswahili kina irabu tano na kila moja inajulikana inapolala. Waingereza wana sauti za irabu zinazokaribia ishirini, halafu wanazibananisha kwenye herufi tano hizohizo kama abiria wa daladala la jioni. Kwa masikio yetu "ship" na "sheep" vyote ni shipu. Binamu yangu alikwenda kwenye usaili wa kazi ya bandarini akaeleza, kwa kujiamini kabisa, kwamba ana miaka mitatu ya kupakua kondoo. Kazi alipata. Waliomsaili nao walikuwa Waswahili.

Sisi pia tuna mapacha wetu, sikatai. Kuna kaa wa baharini, kaa la moto, na kaa hapa nikuletee chai. Lakini tunawaandika vilevile wote watatu, na hakuna aliyewahi kuketi juu ya jiko kwa sababu ya tahajia.

Usiku mmoja umeme umekatika, nikachimba historia ya neno lililonila elfu tano. Kumbe zamani Uingereza wauza vitabu wengi walikuwa wachuuzi wa kutembeza. Aliyekuwa na mahali pake maalumu, hasa karibu na vyuo vikuu, aliitwa kwa Kilatini "stationarius", yaani huyu hatembei, ukimtaka utamkuta. Wa London walianzisha chama chao mwaka 1403. Bidhaa zao zikarithi jina lao, na hiyo E ikazoeleka baadaye ili mapacha watofautishwe. Kwa hiyo A yangu ilikuwa na ukoo. Mwalimu aliporudi nilimsimulia yote bila kupumua. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka 1403 hukuwepo. Nitolee kopi mbili."

Masika yakaja. Rangi ya fundi, ya elfu tano, ikaanza kumenyuka, na A ikachungulia taratibu nyuma ya E. Kabla sijamtafuta fundi, watu wa barabara wakapita na kopo la rangi nyekundu, wakanichorea X ya kunihamisha ukutani. Ndiyo herufi pekee kwenye kibanda kile ambayo haikuwa na kosa.

Jumamosi tukakipakia kibanda kizima kizima juu ya mkokoteni, kibao kikiwa bado juu, vijana wanne wakisukuma na mimi mbele nikiomba njia. Tulipofika kituo cha daladala, E yote ilikuwa imeshabanduka. Mwalimu alikuwa kwenye foleni. Akatuona tunakuja, duka na maandishi yake, akashusha miwani.

"Kijana," akasema, "sasa rudisha E."