Kwa Aliyealika Watu Kumi Siku ya Idi

Kwanza, pole. Pili, ifute hiyo hesabu ya kumi. Kumi ni wale uliowataja kwa majina tu. Kila mmoja ana mwenzi, ana watoto, ana shemeji aliyeshuka juzi kutoka Tanga, na shemeji naye ana rafiki ambaye "alikuwa anapita tu". Pikia thelathini. Mchele wa zakatul-fitri, pishi moja kwa kila kichwa cha nyumbani kwako, utoe kabla ya swala. Hiyo ndiyo hesabu pekee ya watu itakayokutoka sawasawa.

Tarehe usiulize. Mfungo ni siku 29 au 30, na mwezi hautoi ratiba. Saa tatu usiku utakuwa sebuleni unasubiri tangazo la Mufti. Mwezi ukionekana, utakimbilia bucha wewe na mji mzima. Usipoonekana, ile nyama uliyojifanya mjanja ukainunua mapema italala kwenye friji, na umeme utakatika. Wapo pia wageni wanaofuata mwezi wa Makka. Hao wamesali Idi jana, na leo watakuja vilevile. Kwenye pilau hakuna mzozo wa mwezi.

Mvua nayo uipangie. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, ndiyo maana Idi inarudi nyuma kila mwaka, na miaka hii imetua kwenye masika (2024 ilikuwa Aprili 10). Mkaa uingize ndani tangu jana yake.

Sasa pilau yenyewe. Rangi yake ni kitunguu, si kingine, na kitunguu kinataka jicho lako mpaka kigeuke kahawia. Dakika hiyohiyo ndipo shangazi atakapobisha hodi. Atavua viatu, atapita moja kwa moja hadi jikoni na kuuliza, "Mwanangu, bizari ya pilau umeitwanga mwenyewe, au ndiyo hizi za pakiti?" Jibu lolote ni kosa. Ukimgeukia umsalimie, kitunguu kimeungua.

Maji ni mtihani wa pili. Mchele mpya unataka maji machache, wa zamani unakunywa sana, na muuzaji atakuapia kwamba huu wa Kyela ni wa zamani. Usiape naye. Halafu linda mfuniko: kila anayefunua sufuria huonja, na kila anayeonja huongeza chumvi "kidogo tu". Mimi niliwahi kuhesabu vidole vinne vya chumvi kabla sijapalia makaa juu. Pilau ikikutoka rojorojo, usiombe radhi. Tangaza kwa sauti kavu kwamba mwaka huu umepika bokoboko.

Kachumbari ikatwe mwisho. Soda uzifiche.

Usitegemee kubaki na kiporo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, nilidhani wabebaji wamekwisha. Siku hizi mgeni anakuja na hotpoti yake mwenyewe, na anakuuliza kama kuna nyama ya mfupa.

Wewe utakula ukoko, umesimama, sufuria ikiwa mkononi. Kula haraka. Idi ya Mfunguo Tatu iko siku kama sabini mbele, na shangazi akiwa mlangoni anavaa viatu ameshauliza Idi hiyo aje saa ngapi.