Mhadhara wa Kwanza Kuhusu Mashujaa Wasiopendeza

(Umetolewa Pweto, chini ya mwembe, na msomi aliyejialika mwenyewe)

Bwana Prefe wa shule, wazee wa kanisa, mama zetu mliokubali kufunika mabeseni ya samaki kwa nusu saa, na wewe mbuzi uliyekaa penye kiti cha mgeni rasmi: jambo yenu nyote.

Mnashangaa kuniona na abakosi ya enzi za Zaire kwenye joto hili la kando ya ziwa Mweru. Elimu haivai fulana. Mbele yenu amesimama Daktari wa Riwaya Nyepesi za Vijana. Shahada hiyo nilijitunuku baada ya kujihoji kwa saa tatu na kuona ninajibu vizuri mno.

Somo letu ni hili. Kuna riwaya za kuchekesha, zilizoandikiwa vijana, ambazo mhusika mkuu ukimkuta tu ukurasa wa kwanza unatamani kumzaba kofi. Mwongo, mvivu, mwenye kiburi. Wataalamu wadogo wadogo, na Lubumbashi wamejaa, hudai eti mhusika wa namna hiyo hukua, akafika mwisho wa kitabu ni mtu. Mimi nakataa. Mbaya ni mbaya, na ushahidi ninao.

Tuanze na Kalulu. Sungura huyu alikuwa akimwibia fisi chakula kabla Wabelgiji hawajakanyaga Katanga, na jana usiku, kwa masikio yangu, nimemsikia bibi mmoja akisimulia kwamba bado anamwibia. Amekua nini? Masikio tu. Msicheke, hii ni sayansi.

Sasa njooni kwa Pinocchio. Mwitaliano Carlo Collodi alianza kumtoa kwa vipande katika gazeti la watoto mwaka 1881. Mzee Geppetto, fundi fukara, anachonga gogo apate mwana. Mikono haijakaa sawa, mtoto keshamnyakua mzee wigi kichwani. Anachongewa miguu, teke la kwanza linatua kwenye pua ya baba yake. Halafu mbio barabarani, na anayekwenda jela ni mzee! Nyenje mmoja mwenye hekima anamwonya kwa upole. Anatupiwa nyundo, anabaki amenata ukutani. Theluji inaanguka, Geppetto anauza koti lake la pekee amnunulie mwanawe kitabu cha alfabeti. Mwana anafanya nini? Anakiuza kitabu, apate kiingilio cha kwenda kutazama vikaragosi.

Hapo niliacha kusoma siku mbili. Nyundo nilisamehe. Kuuza kitabu!

Bahati nzuri, sura ya 15 majambazi wanamtundika kwenye mwaloni. Kwisha. Nikafunga kitabu nikanywa maji. Riwaya safi kabisa: inachekesha, na mbaya ananyongwa.

Ndiyo, binti wa beseni la chisense, nimekuona. Teremsha mkono, maswali ni baadaye. Unasema? Kuna sura ya 36?

Mtoto wangu, kitabu changu kina sura 15. Nilikinunua sokoni, hakina jalada la nyuma, na aliyeniuzia aliniapia kwamba Ulaya ndivyo vinavyochapishwa. Tena nikwambie jambo usilolijua: Collodi mwenyewe alitaka kuishia pale pale mwaloni. Walioharibu mambo ni watoto wasomaji, wakapiga kelele wanataka hadithi iendelee, mhariri akawasikiliza, na mwaka 1883 kikatoka kitabu kizima. Watoto! Wa namna hii hii yako.

Karatasi umeitoa wapi? Mama yako alifungiwa karanga ndani yake. Haya, soma, wazee wasikie.

(Anasoma. Mbuzi naye ananyamaza.)

Pinocchio anachota maji. Baba yake mgonjwa anahitaji maziwa, naye anachota ndoo mia moja kisimani kwa glasi moja. Miezi mitano, kila siku, anaamka kabla ya alfajiri. Jioni anajifunza kusoma na kuandika. Yule yule aliyeuza kitabu.

Ndoo mia. Mama zangu, nyinyi mnaojua uzito wa ndoo moja kichwani, ndoo mia kwa glasi moja.

Hili jichoni ni vumbi. Tuendelee.

Na wewe binti mbona umekunja uso? Eti miaka yote hii ulidhani ni hadithi ya mtoto mwema tu, akawa mwema zaidi, ukaiona haina ladha hata ya chumvi? Hukujua habari ya wigi? Wala nyundo? Mungu wangu. Mimi nimeishi na mhuni asiye na kesho, wewe umeishi na mtakatifu asiye na jana.

Lakini sishindwi kirahisi, nina jiografia. Mto Luvua unatoka ziwani hapa hapa Pweto. Nani amewahi kuuona umebadilika? Kimya! Mnaona? Nini tena, binti? Kule Ankoro unaungana na Lualaba, na Lualaba huko mbele unaitwa Kongo? Bwana Prefe, nani anawafundisha watoto hawa?

Basi nami niulize, kwa utafiti tu. Nakala yangu ya Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert, inakatika Hasidi na Mwivu wakiwa bado manyani, wanachapwa kila usiku. Bwana Prefe anatikisa kichwa. Wanarudi kuwa watu? Na Mary Lennox, kile kitoto chenye gubu cha riwaya ya Kiingereza ya 1911, nilimwacha akiwafokea watumishi. Naye kuna bustani mbele?

Mhadhara umeahirishwa. Abakosi naivua, joto limezidi.

Mama zangu, tangazo moja. Leo hii sokoni, mteja akifungiwa chisense au karanga kwa karatasi iliyopigwa chapa kwa Kifaransa, yenye jina la Pinocchio popote, asiitupe. Naishi nyuma ya kanisa, mlango wa bluu. Sura ya 15 mimi ninayo, ya 36 anayo binti. Tunatafuta ya 16 mpaka ya 35. Magamba nitayakwangua mwenyewe.