Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, Kuhusu Ruta Iliyoko Nyuma ya Mlango

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,

Naomba radhi kwa kukupotezea wakati. Najua kampuni yako ina minara ya kutunza na wanahisa wa kuwaridhisha, nami ni mteja mmoja tu wa Mji Mkongwe, Unguja, ninayelipa kila mwezi bila kukumbushwa. Lingekuwa jambo kubwa nisingethubutu kukuandikia, maana makubwa yana wenyewe. Hili ni dogo: linahusu pale fundi wako anapoiweka ruta.

Nianze kwa kumsifu kijana. Alibisha hodi kwa adabu, akavua viatu, akaiweka ruta sakafuni nyuma ya mlango wa mbele, baina ya friji na kabati la chuma, kwa kuwa waya wa faiba ulikomea hapo. Akasimama hatua mbili kutoka kwenye ruta, akaijaribu kwa simu yake, ikashika. Nikatia saini, akaondoka mbio. Ana nyumba nyingi za kumaliza kabla ya magharibi, na ratiba hiyo, kama sikosei, haikupangwa naye.

Ila kwa heshima zote, Mheshimiwa, nyumba zetu hizi zina ukaidi wake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa nusu mita hapa si ajabu. Mawimbi ya gigahezi 5, yenye ile kasi inayopamba mabango yako, ndiyo yanayoshindwa upesi na ukuta. Ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, lakini kabati la chuma ni kabati la chuma. Isitoshe, antena iliyosimama wima hutawanya mawimbi kwa ubavuni, na kidogo tu ndicho kinachopanda juu. Kwa hiyo ruta yako inawakirimu wapita njia wa kichochoroni, ilhali ghorofa ya pili, watoto wanakosomea, waifai inaonekana jina tu.

Waliozijenga nyumba hizi walituachia jawabu bila kujua. Nyingi zina ua wa kati ulio wazi kuanzia chini hadi juu, na vyumba vya kila ghorofa vinaufungulia milango na madirisha. Ruta ikipandishwa ghorofa ya kwanza, ikakaa juu ya rafu ikitazama ua, mawimbi yatapita hewani badala ya kupigana na mawe. Inatakiwa mita kumi hivi za waya, zipandishwe kando ya ngazi. Hakuna ukuta wa kutobolewa, na hata wanaoulinda Mji huu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, sidhani kama watakuwa na neno.

Nilipopiga simu kitengo cha huduma kwa wateja, dada mwenye sauti ya asali alinishauri nipandishe kifurushi. Nilimshukuru sana. Lakini nikichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, kasi ninayoilipia ipo yote, haijapungua. Inapotea njiani kuelekea juu. Kununua kifurushi kikubwa zaidi hapo ni kujaza tangi ilhali mpira wa maji umekanyagwa. Sisemi kwamba kampuni inafaidika na ukuta wangu, Mheshimiwa, hasha. Nasema tu kwamba ukuta huo haujawahi kuitia hasara.

Kwa kuwa umekwisha kunivumilia, niongeze mawili. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli tatu tu ndizo zinazotumika pamoja bila kuingiliana: 1, 6 na 11. Mtaani kwetu, ambako baraza zinatazamana na roshani zinakaribia kugusana, simu inanionyesha ruta zimerundikana chaneli moja. Kuhamisha moja ni kazi ya dakika chache.

La pili linanikosesha usingizi zaidi. Kijana alinionyesha nenosiri la waifai, limebandikwa chini ya ruta. Hakunitajia lile jingine, la kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe, ambalo limebaki kama lilivyotoka kiwandani: jina ni admin, na siri yake nayo ni admin. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilikusanya kamera na ruta kwa kujaribu maneno ya kiwandani ya namna hiyo hiyo, kisha jeshi hilo likaishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Ningeona haya, Mheshimiwa, ruta ya nyuma ya mlango wangu ikiandikishwa jeshini bila idhini yako.

Ombi langu, basi, ni kwamba fundi apewe nusu saa zaidi kwa kila nyumba: apande ngazi na simu mkononi akague kila chumba, achague chaneli, abadilishe na hilo neno la kiwandani mbele ya mwenye nyumba. Iwapo nusu saa itaonekana ni nyingi mbele ya wanahisa, nitumie waya peke yake. Ngazi ya kupandia ninayo.

Wako mtiifu,
Mteja wa ghorofa ya pili