Kompyuta ya Mhasibu Haijazeeka, Inasubiri

Kila ofisi yenye kipato cha wastani ina kompyuta moja ya mezani inayowashwa kwanza, ndipo chai ibandikwe. Mwenye kuitumia anabonyeza kitufe, anatua mkoba, anapita vyumba viwili vitatu kusalimia, anaulizia hali ya mgonjwa, anarudi, na kuikuta bado inazungusha kile kiduara chake cha vidoti. Hapo hukumu hutolewa. Mmoja atasema mashine imechoka, mwingine atasema ina virusi, wa tatu atasema mtandao unasumbua, ingawa mtandao wenyewe haujaguswa bado. Nashikilia kwamba kwa kawaida wote watatu wamekosea, na kwamba kosa lao linaigharimu ofisi fedha nyingi kuliko dawa yenyewe. Kompyuta nyingi za maofisini hazijazeeka, zinasubiri diski. Na sababu ya kuachwa zisubiri miaka yote hii haimo ndani ya mashine, imo kwenye manunuzi: ofisi hununua kinachoonekana na mgeni, ilhali kinachoiharakisha kompyuta hakionekani na yeyote.

Ushahidi wa dai la kwanza hauhitaji mtaalamu. Mashine inapokwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama safu zitakazojitokeza. Kwenye Dell OptiPlex au HP yenye Core i5 ya mwaka 2013 na hadi diski yake ya tangu kiwandani, mara nyingi utakuta prosesa inajishughulisha kidogo sana, huku diski imegota asilimia 100. Maana yake ni kwamba prosesa imeagiza kitu na hakijaletwa. Hadi diski ni sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake mkono mwembamba unaohangaika kutafuta njia. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde nane na kitu. Ukijumlisha muda wa mkono kusogea na muda wa kungoja sahani ifike panapotakiwa, kila kipande cha data kinakula milisekunde kumi na ushei. Si nyingi, mtu atasema. Lakini Windows ikiamka haiombi kitu kimoja kikubwa, inaomba vipande vidogo chungu nzima vilivyotawanyika kila pembe. Tuseme ni vipande 10,000, kila kimoja milisekunde 13: hizo ni sekunde 130, dakika mbili na zaidi, na hapo hujafungua Excel. Ni mhudumu wa masjala aliyetumwa mafaili elfu kumi, akaamua kuyaleta moja moja, na kila safari anasimamishwa mlangoni na antivairasi inayotaka kuliona faili kwanza. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani wala mkono. Hujibu kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde, na haijali faili limewekwa kona gani.

Ubunifu huu wa sahani na mkono si wa jana. IBM waliutoa mwaka 1956, wakati chama cha TANU kina miaka miwili tu, katika mtambo wenye sahani hamsini uliobeba herufi milioni tano, yaani chini ya picha moja ya harusi iliyopigwa kwa simu ya leo. Tangu hapo kila kitu kingine ndani ya kompyuta kimeongeza kasi kupita kiasi, isipokuwa mkono ule, ambao bado unasogea kwa fizikia ya chuma. Programu nazo hazikukaa zikingoja. Mwaka 1995 mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uswisi, Niklaus Wirth, aliandika kulalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa nyepesi. Wakati huo alikuwa hajaona mtu akifungua vichupo ishirini vya kivinjari, kimoja cha mfumo wa malipo na kumi na tisa vya mambo ambayo si vizuri kuyataja mbele ya bosi.

Vichupo hivyo ndivyo vinavyoileta RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwenye kesi. Mashine ya ofisi yenye GB 4 ilitosha siku za barua na jedwali. Leo kazi karibu yote inafanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari kina hamu ya kula isiyo na haya. RAM ikijaa, Windows haipigi kelele. Huchukua sehemu ya mzigo na kuuhamishia diskini kimyakimya, kisha huuita tena unapohitajika. Kwa hiyo upungufu wa RAM nao hujitokeza kama ugonjwa wa diski, na yule mhudumu wa masjala anaongezewa zamu ya pili bila malipo. Dawa ni kufikisha GB 8, na ofisi nyingi hazihitaji zaidi. Ila fundi ahakikishe kwanza kwamba Windows iliyomo ni ya biti 64, kwa sababu ile ya biti 32 haivuki GB 4 hata ukiijazia RAM ya wilaya nzima. Asipohakikisha, mashine itabaki vilevile, na ofisi itakata shauri kwamba fundi ameiba.

Sasa tazama ofisi yenyewe hununua nini fungu dogo likipatikana. Hununua monita. Monita ya zamani inashushwa, mpya pana inapandishwa, na kile kiduara cha vidoti sasa kinaonekana kikubwa na kwa rangi safi zaidi. Mwaka unaofuata zinanunuliwa kibodi na kipanya visivyo na waya, na herufi zinachelewa kutokea kwenye skrini kama zamani, tofauti ni kwamba sasa lawama zinakwenda kwa betri. Lipo na kava la kitambaa, lililofumwa kwa mapenzi, ambalo huiziba ile milango ya hewa mashine ikiwa bado inawaka. Lakini mkononi mwa kamati ya mapokezi, SSD ni kibati cha inchi mbili na nusu kisicho na taa, kisicho na sauti, chepesi kuliko daftari la wageni. Kitafungiwa ndani ya kasha na hakuna atakayekiona tena. Hakina hata uso wa kutosha kuandikiwa namba ya mali kwa rangi nyeupe. Mwenyekiti wa kamati ana haki ya kuuliza fedha imekwenda wapi, na jibu la kwamba imekwenda kwenye muda wa kungoja halina safu yake kwenye leja.

Mfano wa wazi kuliko yote ni betri ya CR2032, kile kidude cha mviringo kwenye mazabodi kinacholinda saa ya kompyuta umeme ukizimwa. Betri hiyo haigharimu hata nauli ya kwenda kuinunua. Ikifa, kila asubuhi mashine huamka ikiamini kwamba bado ni Januari ya mwaka fulani uliokwisha pita, na kwa imani hiyo inakataa kufungua tovuti za benki na za serikali, kwa maana vyeti vyake vya usalama vinaonekana kama vimetolewa siku ambazo hazijafika. Ofisi inasema mtandao unasumbua. Bando jipya linanunuliwa, ruta inahamishwa dirishani, barua ya malalamiko inaandikwa kwa kampuni ya intaneti, na barua hiyo inachapwa ikiwa na tarehe ya zaidi ya miaka kumi nyuma. Kampuni ikichelewa kujibu barua ya namna hiyo, mimi siilaumu.

Wapo watakaosema: yote haya ya nini, si mnunue mpya? Kompyuta mpya ni nzuri, sibishani na uzuri. Ninachobishia ni kwamba bajeti ya wastani ikilazimishwa kununua mpya hununua mpya ya bei ya chini kabisa, na huko chini bado zipo zinazouzwa na hadi diski ileile ya sahani na RAM ya GB 4. Ofisi italipa fedha za mashine nzima ili ipate ugonjwa uleule ukiwa na waranti. SSD ya GB 240 au 256 pamoja na RAM ya kuongezea ni sehemu ndogo ya bei hiyo. Kweli, mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda dunia nzima kwa sababu watengenezaji waligeuzia nguvu zao kwenye mitambo ya akili mnemba, hivyo karani wa Singida anachangia bila kuulizwa gharama za mashine inayotungia watu mashairi huko Marekani. Hata hivyo, RAM za mtumba zilizong'olewa kwenye kompyuta nyingine bado zinapatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, na RAM ni miongoni mwa vitu vichache vya mtumba visivyochakaa kwa kuvaliwa.

Pingamizi zito zaidi ni la Windows. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kitu kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa za Intel za kizazi cha nane kuendelea, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Core i5 ya mwaka 2013 haimo, hata uiwekee SSD ya dhahabu. Hapa nakubali kwamba hoja yangu ina mpaka. Mashine inayoshika fedha za watu haifai kuachwa bila marekebisho ya usalama. Lakini mpaka huo hauleti mashine mpya moja kwa moja. Kwanza, kompyuta za mtumba za kizazi cha nane, mfano OptiPlex 3060 au EliteDesk 800 G4, zimeanza kuteremka bei kwa sababu makampuni ya Ulaya na Marekani yanazitoa, na SSD uliyoinunua leo itahamia huko bila manung'uniko. Pili, kwa kazi za barua, jedwali na kivinjari, Linux Mint, mfumo endeshi mbadala wa Windows, haidai ada wala TPM, nayo hukaa vizuri kwenye mashine hizo za zamani.

Linux ikitajwa, wengi hukunja uso kana kwamba wameambiwa wahamie nchi ya baridi. Watumishi hawataizoea, husemwa. Wasiwasi wa mhasibu naukubali, kwa kuwa programu nyingi za uhasibu zimeandikwa kwa Windows tu, na yeye aachwe na Windows yake. Wengine wanaofungua kivinjari asubuhi na kukifunga jioni watahitaji muda wa kujifunza kitufe cha kuzimia kiko wapi. Wala si kitu cha kigeni kwetu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ikiwa na menyu zote kwa Kiswahili, na LibreOffice ya leo ni ndugu wa damu wa OpenOffice hiyo. Usumbufu wa LibreOffice ninaoujua ni kwamba jedwali lililopambwa sana kwenye Word linaweza kufika upande wa pili likiwa limelegea mishono.

Wauzaji nao wana vituko vyao, na kinachonunuliwa kwa fedha kidogo ndicho kinachoghushiwa zaidi. Ipo SSD ya nje iliyoandikwa TB 2 kwa bei ya mlo wa watu wawili, na ndani yake kuna kadi ya kumbukumbu ya simu iliyobandikwa gundi. Inapokea kila unachokipa, inatabasamu, na siku ya kudai inakurudishia majina ya mafaili bila mafaili yenyewe. Programu ndogo ya H2testw huijaza na kuisoma upya, na uongo hutoka wenyewe. Kwenye RAM kosa ni la mnunuzi: kompyuta za kizazi cha tatu na cha nne zinatumia DDR3, ambayo kijipengo chake hakilingani na cha DDR4, na RAM ya laptopu ni fupi kabisa, haiingii hata kwa dua. Anayenunua SSD ya aina ya NVMe, ile nyembamba kama fimbo ya aiskrimu, kwa mashine ya mwaka 2013, aulize kwanza itachomekwa wapi. Inayotakiwa pale ni ya SATA. Nafasi ya waya ikikosekana, chomoa kile kiendeshi cha DVD, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikifunguka pale tu goti la mtu linapokigusa.

Umeme wa kukatika ndiyo hoja ya mwisho, kwamba utaiua na SSD vilevile. Utaweza, ndiyo. Unaiua pia hadi diski, na kwa mateso zaidi, kwa sababu sahani na mkono havipendi kushtukizwa. Hiyo ni hoja ya kununua UPS, si hoja ya kubaki na sahani.

Kwa hiyo mkuu wa ofisi mwenye fungu dogo na proforma ya monita mezani asisaini kwanza. Aagize SSD ya SATA, RAM ya kufikisha GB 8, betri ya CR2032 na mtu wa kupuliza vumbi, na salio likiwepo liende kwenye UPS. Na kabla fundi hajashika bisibisi, mafaili ya mhasibu yanakiliwe kwenye diski ya nje iliyopimwa, mhasibu mwenyewe akiwa amesimama hapo anaangalia. Hayo hayana spea Kariakoo.