Namna ya Kuchagua Miwani Usiyoivua Msituni

Bunduki umeshanunua, najua. Buti pia, na fulana ya mifuko, na kofia ngumu yenye kishikizo cha taa. Hela iliyobaki ni kidogo, na sasa ndipo unapokumbuka macho. Hivyo ndivyo wachezaji wengi wapya wa easofti wanavyofanya manunuzi, na mwongozo huu umeandikwa kuwaomba waipindue orodha: miwani kwanza, bunduki mwisho. Bunduki utaikodi uwanjani mpaka utakapojipanga. Jicho halikodishwi.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: easofti ni vita vya kuigiza vilivyoanzia Japani. Timu mbili huwindana msituni au ndani ya majengo yaliyohamwa, kwa bunduki bandia zinazorusha gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6. Ukipigwa, unapaza sauti kwamba umepigwa, unanyoosha mkono juu na kutoka. Hakuna rangi inayobaki nguoni kuwa ushahidi, kwa hiyo mchezo mzima umesimama juu ya uaminifu, na hilo ndilo linalonifanya niupende. Leo unachezwa sana Uingereza, na Mswahili aliyehamia Leicester au Birmingham anaweza kujikuta amealikwa na wafanyakazi wenzake Jumapili ya Novemba, kwenye msitu wenye matope na baridi ya nyuzi 6.

Huko atakutana na adui ambaye hakuna aliyemtajia. Timu pinzani unaweza kuikwepa kwa kujificha nyuma ya mti. Ukungu wa kwenye miwani unajificha nawe nyuma ya mti huohuo.

Tuelewane mapema kuhusu ubaya wake. Ukungu wenyewe haujamtoboa mtu jicho. Kazi yake ni kumshawishi. Unakuambia, inua miwani kidogo tu, pitisha kidole, hakuna anayekuona. Mchezaji anatii, na kwa sekunde hizo chache amesimama katikati ya watu wenye silaha akiwa na macho matupu. Miwani ngumu kuliko zote duniani haimkingi mtu aliyeipandisha kwenye paji la uso. Ndiyo maana nasema miwani bora ya easofti ni ile ambayo hutapata sababu ya kuivua, na kila ushauri unaofuata unatoka kwenye kanuni hiyo.

Hata hivyo usianze na ukungu. Anza na ugumu, kwa sababu lenzi inayoonyesha vizuri na kupasuka vizuri haina kazi. Gololi ya gramu 0.20 inayotoka kwa mita 100 kwa sekunde hubeba nishati ya juli 1. Japani iliweka ukomo wa kisheria chini kidogo ya kiwango hicho mwaka 2006. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2017 inaruhusu juli 1.3 kwa bunduki zinazomimina mfululizo, na juli 2.5 kwa zile za kufyatua risasi moja moja. Mkononi juli 1 huacha alama nyekundu utakayoonyesha watu Jumatatu kazini. Jichoni ni habari nyingine: damu kuvuja ndani, mbele ya mboni; mtoto wa jicho kwa kijana wa miaka 20; retina kuchanika; presha ya jicho inayojitokeza miaka baadaye, wakati bunduki yenyewe imeshauzwa.

Kwa hiyo dukani usiangalie rangi wala picha ya komandoo kwenye boksi. Geuza miwani, tafuta maandishi madogo yaliyochapwa kwenye lenzi na kwenye fremu. Kwa bidhaa za Ulaya utakuta EN 166, kiwango ambacho nafasi yake sasa inachukuliwa na EN ISO 16321, ingawa alama za zamani bado zimejaa madukani. Herufi F maana yake lenzi ilipigwa kwa gololi ya chuma ya gramu 0.86 kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde ikastahimili. Herufi B maana yake kasi ilikuwa mita 120. Piga hesabu mwenyewe: F ni karibu juli 0.9, B ni zaidi ya juli 6. Umeona? Alama ya F imejaribiwa chini ya nishati ambayo bunduki halali ya Uingereza inaweza kutoa. Fundi seremala inamtosha. Wewe tafuta B.

Na ukitafuta B utagundua kwamba miwani ya kawaida, ile ya mikono inayokaa masikioni, haiwezi kuipata alama hiyo kabisa. B hupewa miwani inayoziba jicho pande zote na kushikwa na mkanda kichwani, au ngao ya uso. Nakuomba usilione hilo kuwa usumbufu wa watunga viwango. Gololi huingia kutoka pembeni, huingia kutoka chini ukiwa umelala kifudifudi, hugonga mti na kurudi. Miwani ya mikono hudondoka ukikimbia, na ikidondoka umerudi kwenye macho matupu.

Kwa bidhaa za Kimarekani, alama ya kutafuta ni Z87+, na ile alama ya kujumlisha ndiyo yenye thamani. Jaribio lake hutumia gololi ya chuma ya milimita 6.35: mita 45.7 kwa sekunde kwa miwani ya mikono, 76.2 kwa miwani ya kuziba. Iliyopitishwa kwa kiwango cha jeshi la Marekani, MIL-PRF-32432, hupigwa kwa vipande vya chuma vyenye kasi kubwa zaidi ya hapo, na kwa mchezo wetu inatosha na kubaki. Karibu zote hizi lenzi zake ni za polikaboneti, plastiki inayobonyea badala ya kupasuka. Miwani isiyo na alama yoyote irudishe rafu, hata kama muuzaji ameiita ya kijeshi mara tatu.

Sasa tumfikie mshawishi wetu. Uso wako una joto na unatoa jasho. Lenzi imepoa kwa hewa ya nje. Mvuke ukigusa kitu kilichopoa kiasi hicho hugeuka matone. Chupa ya soda ikitolewa kwenye friji Dar es Salaam hulowa nje kwa sababu hiyohiyo. Kila tone dogo hutawanya mwanga, na matone maelfu hukupa pazia jeupe. Zipo njia tatu tu za kupigana nalo: kuifanya lenzi isipoe upande wa ndani, kuutoa mvuke kabla haujatua, au kuyalazimisha matone yatandazike kuwa utando mwembamba wa maji unaopitisha mwanga. Kila kitu utakachouziwa kinafanya moja ya hayo matatu, na muuzaji asiyeweza kukuambia ni lipi hajui anachouza.

Njia ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza bila kusita: lenzi mbili. Mwaka 1965, Mmarekani Bob Smith, daktari wa kupanga meno aliyependa kuteleza kwenye theluji, alitengeneza miwani yenye lenzi mbili zilizofungwa pamoja zikaacha hewa katikati, na sponji inayopumua pembezoni. Hewa ile ya katikati huizuia baridi isifike kwenye lenzi ya ndani, na lenzi isiyopoa haivuti matone. Wachezaji wa peintiboli, binamu yetu wa gololi za rangi, waliichukua mbinu hiyo, nasi tukaifuata. Kagua kitu kimoja tu: mshono kati ya lenzi hizo mbili. Ukiachia, unyevu huingia katikati, na huo hakuna kidole kitakachoufikia. Kwa hiyo miwani ya lenzi mbili usiizamishe majini kuiosha.

Njia ya pili ni hewa. Matundu ya juu na chini yaliyofunikwa kwa sponji husaidia sana wakati unatembea, na husaidia kidogo sana ukiwa umelala kwenye majani dakika kumi ukimsubiri mtu. Ndiyo maana kuna miwani yenye feni ndogo ya betri. Inafanya kazi, tena vizuri, hasa kwa anayetokwa jasho jingi. Lakini jaribu mlio wake dukani, mahali palipo kimya, maana msituni mlio huo utasikika pia kwa jirani. Na betri ya akiba ikae mfukoni, siyo garini.

Njia ya tatu ni tabaka la kuzuia ukungu linalopakwa upande wa ndani wa lenzi. Ulaya alama yake ni N; Marekani kiwango cha mwaka 2020 kimeongeza herufi X. Ili kupata N, lenzi huwekwa juu ya mvuke wa maji moto na kutakiwa ibaki safi kwa sekunde 8. Mvuke huo ni mkali kuliko uso wa mtu, kwa hiyo usiidharau N. Ila usiichukulie kuwa ahadi ya mchana kutwa. Tabaka hufyonza maji mpaka lishibe, na likishiba ukungu unarudi.

Asiyeamini kwamba jambo hili huwasumbua hata wenye bajeti kubwa amkumbuke Eugene Cernan. Juni 1966 alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A akafanya kazi angani kwa zaidi ya saa mbili. Alitoka jasho hadi kioo cha helmeti kikajaa ukungu, akawa anakisugua kwa pua apate upenyo wa kuonea. Yeye, tofauti na sisi, hakuwa na hiari ya kuinua kioo. Dawa ambayo NASA ilikuja kuitengeneza ilikuwa sabuni, maji na mafuta yasiyoshika moto. Dawa za kupaka za leo hufuata mantiki hiyohiyo ya sabuni: kuyatandaza matone.

Najua utauliza kuhusu wavu wa chuma wa kuvaa machoni, ule usiopata ukungu kamwe kwa kuwa hauna lenzi. Baadhi ya viwanja huukubali, na wapo wakongwe wanaouapia. Mimi siukubali. Gololi ya bei rahisi ikigonga wavu kwa karibu inaweza kupasuka, na kipande cha plastiki hakitaomba ruhusa kupita kwenye tundu. Wavu wenyewe haukuwekwa kwenye jaribio lolote kati ya yale niliyotaja, usipouona umeandikwa alama. Wavu uvae mdomoni, ukinge meno, na hapo utakuwa umefanya jambo la maana: pumzi hutoka moja kwa moja mbele. Skafu nzito iliyofungwa mpaka puani huisukuma pumzi juu, ndani ya miwani, na hakuna lenzi itakayokuokoa na skafu yako mwenyewe.

Mwenye miwani ya daktari asiivae chini ya miwani ya kinga kama ana njia nyingine, kwa kuwa atakuwa na nyuso nne za lenzi za kufuta badala ya mbili. Watengenezaji kadhaa huuza fremu ndogo ya kupachika ndani, inayowekewa lenzi za namba yako. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho ni bora zaidi kwa ukungu.

Kuhusu utunzaji, kosa linaloua tabaka ni kusugua. Likilowa, gusisha tu kitambaa laini kinyonye maji, kisha acha lenzi ikauke kwa hewa. Mate, dawa ya meno na shati la jasho viache vilipo. Asetoni na dawa kali za kusafishia usizisogeze karibu, kwani huidhoofisha polikaboneti na nyufa zake huenda usizione. Lenzi yenye mkwaruzo mzito au iliyowahi kupigwa kwa karibu sana ibadilishe. Hakikisha kabla ya kununua kwamba lenzi za akiba zinauzwa peke yake.

Siku ya mchezo, usiivae miwani ukiwa bado unapakia gololi na kupiga soga garini huku umevimba kwa makoti. Vaa makoti machache, acha mwili upoe, vaa miwani mlangoni pa uwanja. Na ukungu ukikushika hata baada ya yote haya, paza sauti kwamba umepigwa ingawa hukupigwa, nyanyua mkono, shika bega la mwenzako kama huoni njia, na tembea mpaka eneo salama. Mkanda usiuguse mpaka uwe umevuka mstari na mwamuzi amekuona.