Padri, Kichaa na Jua la Mavivi

Kabla ya mashindano yetu ya sataranji hapa Mavivi nilijifunza mambo mawili, yote kwa padri mmoja wa Hispania, Ruy López, aliyechapa kitabu chake mwaka 1561. La kwanza ni ule ufunguzi wenye jina lake: askari wa mfalme atoke, farasi amfuate, kisha kete ya tatu iende kumtisha farasi wa mwenzako. Kete hiyo Waingereza huiita askofu. Sisi tuliofunzwa kwa Kifaransa tunaiita fu, yaani kichaa. Padri mzima kumtuma kichaa!

La pili: mketishe mpinzani wako mahali jua litampiga machoni. Sijui kama aliliungama.

Saa mbili asubuhi nilikwisha fika uani, nikachagua kiti kinachoupa mgongo mashariki. Mpinzani wangu, mtoto wa shule mwenye kofia ya ukingo mrefu, akakaa. Moyoni nikacheka kama mwizi wa kuku. Mara mvua. Tukajibana chini ya bati mpaka saa tisa. Ilipokatika, kila mtu alirudi kwenye kiti chake, maana viti vilishaandikwa. Jua peke yake ndilo lilikuwa limehamia upande wa pili.

Kuahirisha hakuna, huku kwetu kufika nyumbani kabla ya giza si jambo la mzaha. Nikaanza. Askari. Farasi. Nikanyoosha mkono kumchukua kichaa, machozi yananichuruzika, ubao unang'aa kama bati jipya. Kuja kutazama vizuri, nimemshika mfalme! Kete zenyewe za kuazima: mfalme alipoteza msalaba wake zamani, na ukimpapasa hana tofauti na jirani yake.

"Ukigusa, umecheza," mwamuzi akasema, wala hakuinua sauti.

Mfalme alikuwa na nafasi moja tu ya kwenda, hapo mbele yake. Nikamsogeza, akasimama pale kama mzee aliyetoka na ndala usiku kuuliza nani anapiga kelele.

Mtoto aliukodolea ubao dakika kumi nzima, akitafuta mtego.

"Papa, ufunguzi huu unaitwaje?"

"Wa Mavivi."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Kufikia hatua ya 16 mfalme wangu hakuwa na pa kukimbilia. Mtoto akapanga kete upya, akavua kofia yake, akanisukumia juu ya meza.

"Vaa, papa. Bado mchezo wa pili."